Viti Saba kwa Mkwe Mmoja

Kwa zaidi ya miezi miwili Mzee Nyoni aliendesha pikipiki ya magurudumu matatu katika mji wa Songea akiwa amesimama wima. Nyuma yake kulikuwa na kiti cha gari cha kitambaa cha kijivu, chenye egemeo la mgongo na mto wa kuwekea kichwa. Hakukikalia. Alipita sokoni amesimama, akapita mbele ya kanisa amesimama, koti limejaa upepo, na watu wa kando ya barabara wakampungia mkono wakidhani ni mgombea. Yeye, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, aliwapungia pia.

Chombo kile nilikitengeneza mimi, na kiti nilikifunga mimi. Nilipomwona akipita hivyo sikuona tatizo. Nilijisifu. Niliwaambia majirani zangu pale Msamala watazame jinsi mbao za miguu nilizomwekea zilivyo imara, hadi mzee anaona raha kusimama.

Nawaandikia ninyi mnaochomelea bodi za bajaji siku hizi, mnaoweza kuagiza sehemu yoyote kwa simu ikaja na basi kesho yake. Mna mashine nzuri kuliko zangu. Lakini nimepita kwenye karakana zenu na nimeona mnapima chuma vizuri sana na mtu hamumpimi kabisa. Kosa hilo nalijua kwa undani. Nililifanya mara sita kwa mtu mmoja.

Tuanzie alipokuja. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa na mashirika yakaanza kupunguza watu. Mimi nilikuwa fundi katika karakana moja ya umma, nikapunguzwa, nikarudi na boksi la spana na mashine ya kuchomelea iliyokuwa ikikohoa kuliko kufanya kazi. Nikaezeka bati nne Msamala, nikaanza. Kabla ya hapo, ukitaka beringi moja uliandika barua, ukasubiri, ukaandika barua ya kukumbusha ile barua. Sasa ghafla mjini kukawa na kila kitu kilichokwisha kutumiwa na Wajapani: viti, springi, ekseli, vioo, redio zinazopokea stesheni ambazo hazipo. Tulikuwa kama watu walioshinda njaa kisha wakapelekwa harusini. Tulifunga chochote kwenye chochote.

Mzee Nyoni alikuwa bwana shamba mstaafu. Miaka mingi ya kazi yake aliitumia Tunduru kwenye mikorosho. Alipostaafu alirudi Songea na pikipiki aliyoinunua kwenye mnada wa ofisi, nzima ya injini, na akaiendesha hadi siku ilipomwangukia mguuni akiwa ameisimamisha. Ndipo akaja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imetoka kwenye gazeti la kigeni alilopewa na padri. Pichani walikuwa wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, nywele nyeupe kabisa, wamekaa juu ya pikipiki kubwa ya magurudumu matatu. Walikuwa wameegemea kama watu walio sebuleni kwao wanaosubiri chai.

Aliniambia anataka hiyo. Siyo inayofanana nayo. Hiyo.

Nilimuuliza anataka kwenda nayo wapi, kwa maana kutoka kwake hadi sokoni hapahitaji egemeo la kichwa. Akasema Namasakata.

Sasa Namasakata iko Tunduru, na barabara ya Tunduru wakati ule ilikuwa vumbi kiangazi na uji masika. Lori zima lenye dereva kijana lilichukua siku mbili likiwa na bahati. Mvua zikianza, hata bahati haikusaidia. Nikamwambia yapo malori, na siku hizi hata basi linajaribu. Akatazama kule barabarani, akanieleza jambo ambalo nadhani hakuwa amemweleza mtu mwingine.

Binti yake Agnesta alisomea Tunduru, akapendana na kijana wa Kiyao wa Namasakata aitwaye Bakari, mkulima wa korosho. Mzee alikataa ndoa kwa sababu ya dini. Wakaoana bila yeye. Mama yake Agnesta alipofariki, binti alikuja kuzika, akarudi, na baba na binti hawakuzungumza zaidi ya salamu. Miaka ikapita. Sasa ilikuwa imekuja barua. Agnesta ameandika kwamba wajukuu ni wawili, mlango uko wazi, lakini yeye hatakuja tena Songea kuomba. Baba aje.

"Nikienda na lori," alisema, "nikafukuzwa, nitakaa uwanjani kwa mkwe wangu siku tatu nasubiri lori la kurudi. Nataka chombo changu, mkwe. Nikikaribishwa, nitakizima. Nikifukuzwa, nitakiwasha."

Hapo mmesikia ananiita mkwe. Mke wangu ni mtoto wa kaka yake Mzee Nyoni, kwa hiyo yeye kwangu ni baba mkwe kamili, na hili ndilo jambo ambalo vijana wa leo mnaweza kucheka. Kwetu Mpitimbi mimi nilikolelewa, mkwe huli naye sahani moja. Humkazii macho. Akiinama mbele yako unapata shughuli upande mwingine. Na mwili wake hauna majina. Anaweza kuumwa kichwa, na kwa shida sana anaweza kuumwa mguu. Sehemu nyingine hana.

Na mtu huyo ndiye nilipaswa kumtengenezea kiti.

Kazi ya chuma ilinichukua mwezi wa saba na wa nane, na sina aibu nayo. Nilikata mkono wa nyuma wa pikipiki, ule unaoshika gurudumu, nikachomelea fremu ya bomba la maji nene, nikaweka ekseli moja iliyobeba gurudumu kila upande. Jaribio la kwanza nilifunga magurudumu yote mawili kwa nguvu kwenye ekseli hiyo moja. Msifanye hivyo. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ukiyalazimisha yaende sawa, chombo kinakataa kona na kwenda mbele kama mbuzi aliyeona mchicha. Nikaliacha la kulia lizunguke bure kwenye beringi, la kushoto livutwe na cheni. Kinavuta upande kidogo ukiongeza moto, lakini mkono unazoea.

Kitu ambacho sikukifikiria ni mzoea pikipiki mwenyewe. Mtu wa magurudumu mawili akitaka kona anajilaza. Chombo cha magurudumu matatu hakilali, unakigeuza kwa usukani kama mkokoteni. Nilimweleza Mzee Nyoni, akaitikia kwa kichwa, akawasha, akafika kwenye kona ya kwanza na kujilaza vizuri kabisa kama alivyofanya miaka ishirini. Pikipiki ikaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza dagaa wa Nyasa. Hakuna aliyeumia. Yule mama alimtazama mzee aliyeketi katikati ya dagaa wake, akamwamkia shikamoo kwanza, kisha ndipo akaanza kusema yaliyokuwa moyoni. Yalikuwa mengi.

Usukani ulikuwa mzito pia. Mikono ya mzee si mikono ya fundi. Nikarefusha mabomba ya usukani na kuyarudisha nyuma, viwiko vyake vikae karibu na mbavu badala ya kunyooka kama anayesukuma ukuta. Gia nikaiwekea kanyagio la mbele na nyuma, apande kwa kisigino na kushuka kwa nyayo, asihitaji kuinua gia kwa kidole gumba cha mguu. Ndani ya ncha za usukani nilimimina risasi iliyoyeyushwa, mtetemo ukapungua mikononi. Haya yote yaandikeni, yanafaa hadi leo. Mzee yeyote mkimtengenezea chombo, anzeni na mikono na magoti. Goti likikunjwa sana kwa saa nzima, akishuka hatembei, anaanguka.

Basi, chombo kikawa chema. Ila kiti.

Kiti cha kwanza kilikuwa kile cha pikipiki, nilichokipanua kwa sponji. Mzee alizunguka nacho Msamala, akarudi, akashuka polepole, akasema, "Kazi nzuri, mkwe. Ila bado."

Sikuuliza bado nini. Nilitazama. Nimekuwa na tabia ya kutazama tangu ujana, na fundi aliyenifundisha kazi, marehemu Ndomba, alikuwa akisema injini haisemi uongo, anayesema uongo ni mwenye gari, kwa hiyo sikiliza injini. Mzee Nyoni aliposhuka alishika kiuno. Nikahitimisha: mgongo. Nikaenda nikapata kile kiti cha kijivu cha gari dogo, chenye egemeo, nikakifunga. Akaenda, akarudi. "Kizuri sana, mkwe. Ila bado." Nikamwona anapanua miguu akitembea. Nikahitimisha: mapaja. Nikaweka zile mbao za miguu, pana, za mninga, ili uzito uhamie kwenye nyayo.

Ndipo akaanza kusimama, na mimi nikaanza kujisifu.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka sokoni akaniuliza kwa nini baba yake mdogo anapita mjini kama anakagua gwaride. Nikasema ni mbao. Akasema mtu hasafiri hadi Tunduru amesimama. Hapo nikapata mashaka. Nikarudi kwenye kiti. Cha tatu nikakiweka juu ya springi nne za lori dogo. Kwenye shimo la kwanza mzee alipanda juu, kofia ikabaki hewani, akarudi chini na kofia ikamfuata baadaye. Cha nne kilikuwa sponji nene ya sofa, laini kama uji wa mtoto. Niliamini nimemaliza. Akakikalia, uso wake ukabadilika rangi, akainuka palepale akanishukuru kwa sauti ndogo. Viti viwili vilivyofuata sitavieleza. Kimoja kilikuwa na manyoya ya kondoo, na mbwa wa jirani alikipenda.

Kila kimoja aliniambia kazi nzuri. Hilo ndilo lililonitesa. Mteja anayekutukana anakuonyesha njia. Mteja anayekuheshimu anakuacha gizani. Na mimi nilimheshimu vilevile. Nilimuuliza kuhusu barabara, kuhusu breki, kuhusu upepo. Siku moja nilijikaza kabisa nikamuuliza kama labda kiti hakimpi nafasi ya kutosha. Akasema nafasi ipo. Nikamuuliza kama labda, kwa mfano, mtu akikaa muda mrefu. Akasema ndiyo, mtu akikaa muda mrefu. Tukatazama mlima.

Mwezi wa kumi ulikuwa unaisha. Upande wa mashariki mawingu yalianza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni, kama watu wanaopanga jambo. Mzee alikuja akakaa kwenye gogo langu la kazi. Sasa naandika hivi nakumbuka kwamba alikaa ubavu, tako moja nje, kama alivyokaa siku zote, na mimi mtazamaji hodari niliona na nikadhani ni unyenyekevu. Akaniuliza bila kunitazama, "Hivi mkwe, baba akimkataa kijana wa watu, anayekasirika zaidi ni binti au ni yule kijana?"

Nilifikiri. Nikamwambia, "Binti anakasirika. Mkwe hujifanya hana hasira."

"Hujifanya kwa muda gani?"

"Hadi mzee afike."

Akatikisa kichwa. Akasema mvua zikimwahi hapa Songea, hatafika hadi mwaka ujao, na kwamba barua ya pili hataandikiwa, anamjua Agnesta, ni kama mama yake. Kisha akainuka, akapanda pikipiki, akaondoka amesimama.

Jirani yangu wa ubavuni alikuwa fundi cherehani aliyeitwa Kikoti, Mhehe wa Iringa, aliyekuja kufuata biashara ya kushona vifuniko vya viti vya magari. Vifuniko vya viti vyote sita alikuwa ameshona yeye, na alikuwa ameanza kusema kwamba kiti cha kumi atashona bure kwa huruma. Sasa, Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walichinjana vizuri, kisha wajukuu wakakubaliana kutukanana badala yake, na mtani hana adabu ya kumtunzia mtani. Akikuta msiba kwako anaweza kumlaumu marehemu kwa uvivu. Kikoti alikuwa mdogo kwa Mzee Nyoni kwa miaka thelathini, na walisalimiana hivi kila asubuhi:

"Shikamoo, mtumwa wangu."

"Marahaba, mla mbwa."

Siku ile, mzee aliporudi kuchukua spana yake ndogo, Kikoti aliacha cherehani yake, akaja akasimama mbele ya pikipiki, mita ya kupimia shingoni. Mimi nilikuwa chini ya fremu nakaza nati.

"Mtumwa," Kikoti akasema, "ninyi Wangoni mmetoka kwa Wazulu kwa miguu mkikimbia, mmefika hapa hamna pumzi. Tangu siku hiyo mnatafuta pa kukaa. Tumewapa viti sita. Hebu niambie, makalio yako yana nini?"

Chini ya fremu mimi nilitamani nati iwe ndefu zaidi. Nilikaza hadi ikakatika.

Niliona viatu vya Mzee Nyoni tu, na havikusogea. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua, ikachukua muda kutambua kwamba mzee anacheka.

"Yana bawasiri, mla mbwa wewe," akasema. "Tangu mwaka niliostaafu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Huyu mkwe wangu?"

"Huyu mkwe wako amekutengenezea mgongo, magoti, mikono na mbwa wa jirani. Amebakiza masikio."

Nilibaki chini ya pikipiki kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Sponji ya sofa! Nilipoifikiria ile sponji laini, inayozama katikati na kubana kila kitu pale pale penye ubaya, nilielewa kwa nini uso wake ulibadilika rangi. Nilikuwa nimemtesa mkwe wangu kwa ustadi wa hali ya juu, na yeye alikuwa amenishukuru kila mara.

Kuanzia hapo kazi ikawa rahisi kwa upande wa ufundi na ngumu kwa upande wa adabu. Dawa ya kiti cha namna ile ni kuacha katikati wazi, uzito ubebwe na ile mifupa miwili ya kukalia. Lakini mifupa hiyo kila mtu ana umbali wake, na lazima upime. Njia niliyoijua ni ya udongo: unatandaza udongo wa kufinyangia kwenye ubao, mbichi, unene wa vidole vitatu, mtu anakaa, anainuka, unapata mashimo mawili. Katikati ya mashimo ndipo mahali pa kupima. Jaribuni, haina gharama na haidanganyi.

Lakini nani akae, na nani atazame? Kikoti alimwingiza mzee kwenye chumba chake cha kushonea, akafunga pazia. Baada ya muda mzee akatoka akaenda zake bila kuaga, kofia imeshuka hadi machoni. Kikoti akaniita nije kuona ubao. Nikamwambia siwezi. Akasema ni udongo tu. Nikamwambia najua ni udongo, lakini najua ni wa nani. Akacheka hadi akakaa chini. Mwishowe alisimama upande wa ndani wa pazia na mita yake, mimi upande wa nje na penseli, akanisomea: kutoka shimo hadi shimo, kutoka shimo hadi ukingo, kina cha kulia, kina cha kushoto. Kila baada ya kipimo alitoa maoni, na maoni hayo siyaandiki hapa. Niliandika namba peke yake. Alipomaliza nilimwamuru akande ule udongo palepale, na nilisimama nje nikisikiliza hadi nilipoamini ameukanda kweli.

Kiti cha saba sikukijaza sponji laini. Nilichukua fremu ya flatibaa, yaani chuma bapa, nikasuka juu yake mikanda ya mpira iliyokatwa kutoka tyubu ya lori, mmoja juu mmoja chini, kama tunavyosuka kitanda cha kamba, ila kwa kuivuta hadi inalia. Mpira uliosukwa unapokea shimo la barabara polepole na kulirudisha polepole, hautupi mtu kama springi. Juu yake nikaweka mito miwili migumu, kila mmoja mahali pake, na katikati mfereji wa upana wa kiganja, wazi kutoka mbele hadi nyuma. Kikoti akashona kifuniko cha turubai kilichofuata mfereji huo, na kwa mara ya kwanza hakudai sifa. Nyuma nikarudisha lile egemeo la kijivu, kwa sababu mgongo nao ulikuwa na haki yake.

Mzee Nyoni alikikalia. Akazima injini, akabaki amekaa. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba Kikoti alirudi kushona na mimi nikaanza kazi nyingine. Kisha akasema neno moja tu, akalisema akitazama mbele, "Kimekaa." Hakusema kazi nzuri.

Akaondoka siku ya tatu yake alfajiri, na dumu la petroli, pampu, viraka, sufuria, kilo za maharage ya Mpitimbi za kumpelekea binti, na mashati mawili madogo ambayo Kikoti alikuwa ameyashona bila kuulizwa. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Alipofika kona ya mwisho tunayoweza kuiona alikuwa bado amekaa. Mchana wake ikanyesha.

Ikanyesha wiki mbili. Malori yaliyorudi kutoka upande ule yalirudi na matope hadi kwenye vioo, na kila dereva niliyemuuliza alikuwa ameona kitu tofauti. Mke wangu aliacha kunisemesha kuhusu habari hiyo. Nilijua anachofikiria: nimemweka baba yake mdogo juu ya mabomba ya maji na kumtuma porini.

Barua ya Agnesta ilifika baada ya Krismasi. Ilikuwa fupi. Baba amefika salama, anakula, anabishana na Bakari kuhusu kupogoa mikorosho, na wote wawili wanaonekana kufurahia. Wajukuu wamevaa mashati. Anaomba tusiwe na wasiwasi, hatarudi hadi mvua ziishe. Mvua ziliisha na hakurudi. Msimu wa korosho ukaja na hakurudi. Chombo alichokitaka ili aweze kuondoka siku ile ile kilikaa kwenye ukumbi wa nyumba ya Bakari mwaka mzima, kimezimwa.

Mwaka uliofuata, kiangazi, nilikwenda mwenyewe Namasakata kumpelekea cheni mpya, nikitaka pia kuona kazi yangu ilivyostahimili. Nilikuta amenona. Nikamwamkia, nikala kwa Bakari, nikaenda ukumbini kutazama.

Hapa ndipo nina mambo ambayo sijaweza kuyapatanisha. Agnesta aliniambia kwamba baba yake aliingia kijijini juu ya pikipiki yake, amekaa, akipiga honi, matope hadi kifuani, na watoto wote wakimkimbilia nyuma. Watu wengine watatu walioshuhudia wameniambia hivyo hivyo, nami nawaamini. Lakini dereva mmoja wa lori, mtu mzima asiye na sababu ya kunidanganya, aliniapia kwamba alimkuta mzee huyo kwenye mto ambao daraja lake lilikuwa limeondoka na maji, wakapakia pikipiki juu ya magunia, na mzee akafungua kiti kwa spana yake mwenyewe, akakiweka ndani ya kebini, akakikalia huko. Nilimuuliza alimshusha wapi. Akasema hajui, alikuwa amelala, usukani alikuwa nao msaidizi wake, na msaidizi huyo alikwisha kuhamia ng'ambo ya Ruvuma.

Nilipiga magoti nikakagua. Kwenye ekseli, pande zote mbili, rangi imekwanguliwa na kamba nene, kama ya chombo kilichofungwa juu ya lori. Na meno ya sproketi ya nyuma inayoshika cheni, niliyoyafunga mapya mwezi wa kumi na moja, yamelika na kulala upande mmoja, kama ya chombo kilichovuta mzigo kwenye tope kwa safari ndefu sana.